Mama anatumia dawa za kizunguzungu cha sikio muda mrefu, mkono umeanza kutetemeka. Naombeni ushauri

BintiMzawa

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Naombeni mnisaidie mawazo maana hili jambo limenikaa kichwani halitoki.

Mama yangu ana miaka 68. Mwaka jana alipata kizunguzungu kikali cha ghafla, alikuwa kalala akafungua macho anasema dari inazunguka, akijaribu kukaa anatapika, tukakimbia naye hospitali wakampima wakasema siyo kiharusi, ni sikio la ndani, wakampa vidonge aina mbili. Kimoja betahistini ya miligramu 16 mara tatu kwa siku, kingine sinarizini ya miligramu 25 nacho mara tatu. Kile kizunguzungu kikubwa kiliisha baada ya siku chache tu.

Sasa tatizo hakuna aliyetuambia aache lini. Vikiisha tunaenda duka la dawa na boksi lile lile, wanaangalia wanatupa vingine, basi mwezi unapita na mwingine unakuja. Mama mwenyewe hataki kusikia habari ya kuacha, anasema bora ameze maisha yake yote kuliko ile hali imrudie, na kwa kweli ukimuona siku ile ungemuelewa.

Kinachoninyima raha ni kwamba amekuwa mzito sana. Anasinzia kwenye kiti mchana kweupe, akitembea anakwenda hatua fupi fupi kashika ukuta, uso wake umepoa yani hata ukimchekesha hacheki kama zamani. Na siku za karibuni mkono wa kulia unatetemeka akiwa ametulia tu kauweka kwenye paja, akishika kikombe unakisikia kinagongana na kisosi. Ndugu zangu wanasema ni uzee. Anatumia pia amlodipini ya presha, na usiku usingizi ukigoma anameza kile kidonge cha mafua kinachosinziza.

Maswali yangu: hizi dawa mbili zinaweza kuliwa pamoja muda wote huu? Nimkatishe mwenyewe au nisubiri kliniki yake ya presha mwezi ujao? Na akisahau dozi anafidia vipi?

Sikio_Moja

Pole sana dada, na mama mpe pole. Mimi nina ugonjwa wa Meniere, ule wa kizunguzungu pamoja na sikio kuziba, kuvuma na kupungua kusikia, kwa hiyo betahistini naijua vizuri. Nitasema ya kwangu tu hiyo sinarizini wataijibu wenye utaalamu.

Kwanza anaimeza na chakula au akishamaliza tu kula? Maana kwenye tumbo tupu inaleta kiungulia na kichefuchefu, halafu mtu anadhani ni ugonjwa umerudi kumbe ni dawa yenyewe. Kama aliwahi kuwa na vidonda vya tumbo au ana pumu lazima daktari ajue, hizo ndizo hali mbili nilizoulizwa kabla sijaandikiwa. Pili siyo dawa ya kuzima shambulio. Wengi wanakaa nayo mfukoni wanaimeza kizunguzungu kikianza, hapana, hii inamezwa kila siku kwa mpangilio kwa matumaini kwamba mashambulio yatapungua, na inachukua wiki kadhaa ndipo ujue kama inakusaidia.

Nasema kwa matumaini kwa sababu hata wataalamu hawakubaliani. Ulaya inatumika sana ila Marekani haijaidhinishwa, na kuna utafiti wa Ujerumani uliotoka mwaka 2016, wagonjwa 221 wa Meniere walifuatiliwa miezi 9, wengine dozi ndogo wengine dozi kubwa wengine kidonge kisicho na dawa ndani, mashambulio yakapungua kwa makundi yote matatu bila tofauti. Daktari wangu alinieleza hayo bila kunificha akasema tutajaribu kwa muda, tutaandika, kama hakuna mabadiliko tunaacha. Nadhani hilo ndilo mama yako hakupewa, tarehe ya kukaa chini na kuangalia upya.

Mzee_wa_Gia

Mbona mnamtisha huyu binti. Mimi nina hicho kizunguzungu miaka mingi, kikinishika nameza sinarizini mbili kwa mpigo, nakaa kidogo naendelea na gari langu. Dawa kama inamtuliza mama mwacheni ameze. Mkono kutetemeka ni umri tu hata mimi ukinishika njaa unatetemeka.

Mfamasia_wa_Zamu

BintiMzawa, mimi ni mfamasia. Siwezi kumpima mama yako kupitia maandishi na sitasema ana nini, ila ulichoandika hapo juu kimenifanya niache nilichokuwa nafanya. Usisubiri kliniki ya mwezi ujao. Mpeleke kwa daktari wiki hii, kama inawezekana kesho.

Sababu ni hii. Sinarizini inapunguza zile ishara za kuzunguka zinazotoka sikioni kwenda kwenye ubongo, na ndio maana siku za mwanzo inamsaidia mtu anayetapika asiyeweza hata kuinua kichwa. Lakini pia inagusa dopamini, ile kemikali ya ubongo inayosimamia mwendo wa viungo. Kwa mtu mzima wa umri wa mama yako akiitumia muda mrefu inaweza kumletea hali inayofanana kabisa na ugonjwa wa Parkinson: mkono unatetemeka ukiwa umepumzika, misuli inakaza, hatua zinafupika, uso unakosa hisia, wengine wanaingia na huzuni juu yake. Umetaja karibu yote bila mtu kukuuliza. Kwa wengi hali hiyo hupungua dawa ikisimamishwa, ila haipungui kwa siku mbili tatu, ni wiki na wakati mwingine miezi.

Na hapa ndipo naomba usome taratibu. Ukimpeleka kwa daktari mpya ukamwambia tu "mama anatetemeka", bila kumwonyesha boksi la sinarizini, anaweza akamwandikia dawa ya Parkinson juu ya dawa inayosababisha hiyo hali. Halafu dawa mpya nayo ina mambo yake, ikiwemo kushusha presha anaposimama, kizunguzungu kinaongezeka, mnaongezewa nyingine. Beba maboksi yote. Yote kabisa, pamoja na hicho cha mafua na hata kama kuna mitishamba au dawa ya macho. Weka kwenye mfuko mmoja mimina mezani kwa daktari.

Kuhusu hizo mbili kuliwa pamoja: betahistini inafanana na histamini, sinarizini ni ya jamii ya dawa zinazozuia histamini, kwa hiyo kinadharia zinavutana, moja inaweza kupunguza kazi ya nyingine. Madaktari wengine huziandika pamoja kwa muda mfupi wakiwa na sababu zao, sitamlaumu aliyeandika. Lakini dawa ya siku chache imegeuka ya kudumu kwa sababu tu boksi lilikuwa linaonyeshwa dirishani, na hilo sisi wafamasia tunatakiwa kuuliza, "ulianza lini, aliyekuandikia alisema mpaka lini?" Hiyo 16 mara tatu ni miligramu 48 kwa siku na ndio ukomo wa kawaida wa betahistini, kwa hiyo msiongeze hata kama kizunguzungu kinarudi.

Kidonge cha mafua usiku kisimame leo leo, hicho hakuna daktari aliyekiandika. Vingi vya aina hiyo vina klofeniramini, ambayo nayo ni dawa ya kuzuia histamini yenye kusinziza, kwa hiyo mama anapata dozi mbili za usingizi akidhani anatibu vitu viwili tofauti. Kwa mtu mzima matokeo ni kuyumba, kuchanganyikiwa usiku, mkojo kugoma, choo kigumu, na kwa mwenye presha ya macho inaweza kuwa hatari zaidi. Nyonga nyingi za wazee zinavunjika usiku wakielekea chooni wakiwa na dawa za namna hii mwilini.

Sinarizini yenyewe mpigie daktari au nenda naye, nategemea ndiyo atakayoigusa ya kwanza, ila aiamue yeye akiwa amemwona na ajue ataweka nini badala yake kama kitahitajika. Ya presha msiikatishe kwa wazo lenu hata kidogo. Muombe tu apimwe presha akiwa amelala halafu tena akiwa amesimama dakika chache, maana kama inashuka sana akisimama hicho ni kizunguzungu kingine kabisa na sikio halihusiki.

Dozi iliyosahaulika, kama amekumbuka mapema anameza, kama muda wa inayofuata umekaribia anaiacha anaendelea na ratiba. Hafidii. Hamezi mbili.

Mzee wangu wa Gia kwa heshima zote, na wewe nakuomba. Mbili kwa mpigo kisha usukani siyo jambo la kuendelea nalo. Kusinzia kwa dawa hizi hakupigi hodi, macho yanakuwa wazi lakini mguu unachelewa kufika kwenye breki. Na pombe ikiingia hapo ndio kabisa. Miaka mingi ya kuitumia ni sababu ya wewe pia kukaguliwa mikono na mwendo.

Mzee_wa_Gia

Sawa mwanangu nimekusikia. Mimi nilijua ni dawa ndogo tu kwa vile inauzwa bila maswali. Ila swali, kama hizi za kutuliza zina mambo hivyo, sasa mtu anayezunguka atakaaje bila dawa?

Mfamasia_wa_Zamu

Hakai bila dawa siku za mwanzo, mzee wangu. Mtu akipata uvimbe wa mshipa wa fahamu wa sikio, anatapika, hawezi kusimama, anapewa ya kutuliza na ni sahihi kabisa. Lakini ni kwa siku chache, wengi wetu tunafundishwa isizidi kama siku 3 hivi, ikizidi iwe na sababu.

Kwa nini? Kwa sababu sikio moja likiumia ubongo unapokea habari mbili zinazopingana, sikio hili linasema tumetulia, lile linasema tunazunguka. Ubongo una uwezo wa kujirekebisha, ila mpaka upate hizo ishara na mtu aanze kusogea, kugeuza kichwa, kutembea. Ukizizima ishara kutwa nzima kila siku ubongo haujirekebishi. Mtoto hajifunzi kutembea akiwa mgongoni. Ndio unakuta mtu miezi imepita kile cha kuzunguka kimeisha ila anayumba tu, anaongeza dawa kwa sababu anayumba, na anayumba kwa sababu ya dawa.

Nyingine ya kuangalia kwa wasomaji ni prokloperazini, wengi mnaijua kama Stemetil. Ni nzuri kwa kutapika, ila hasa kwa vijana inaweza kuleta shingo kukakamaa upande mmoja, taya kubana, macho kupinda juu yakakataa kushuka, na inaweza kutokea hata siku za kwanza kabisa. Watu wanafikiri mtu kapagawa au ana kifafa. Ni dawa. Hospitali wana sindano inayoifungua haraka, kimbieni na mtaje jina la kidonge. Na msiichanganye na metoklopramidi ya kutapika mkidhani mnaongeza nguvu, zote mbili zinabonyeza sehemu ile ile.

BintiMzawa

Mungu awabariki sana. Nimesoma huku mikono inatoka jasho. Kidonge cha mafua nimeshakitoa kwenye droo yake na nimempigia dada yangu aje twende wote kesho asubuhi.

Kuna kitu nimemuuliza mama baada ya kusoma, nikamwambia nieleze hicho kizunguzungu cha siku hizi kikoje, siyo kile cha mwaka jana. Anasema kinakuja akigeukia upande wa kulia kitandani, au akiinua kichwa kuangalia rafu ya juu, chumba kinazunguka kwa nguvu, anahesabu kidogo kinaacha. Akikaa bila kugeuka hana kitu. Na ndicho anachokiogopa, ndicho kinachomfanya ang'ang'anie vidonge. Je hiki nacho ni cha kidonge?

Mizani_Sawa

Dada hapo umegusa kazi yangu. Mimi ni mtaalamu wa mazoezi tiba na wagonjwa wa kizunguzungu ndio ninaowaona sana. Ulivyoeleza, kinakuja kwa kugeuka, upande mmoja, sekunde chache kisha kinatulia, inabidi wampime kwa ajili ya vile vichembe vya sikio.

Ndani ya sikio kuna vichembe vidogo sana vya chokaa vinavyokaa mahali pake vikitusaidia kujua juu ni wapi na chini ni wapi. Vikichomoka, kwa umri au baada ya kugonga kichwa au baada ya ugonjwa wa sikio kama ule alioupata, vinaingia kwenye mifereji ya usawa. Mtu akigeuka vinaviringika vinasukuma maji ya humo ndani, ubongo unaambiwa tunazunguka. Vikitulia, kinaisha. Sasa niambie kidonge gani kitavitoa vichembe kwenye mfereji? Hakuna. Miongozo ya madaktari wa masikio inasema wazi dawa za kutuliza zisitumike kwa mazoea kwa tatizo hili.

Dawa yake ni kichwa kuzungushwa kwa mpangilio ili vichembe virudi vilikotoka. Anapimwa kwanza, analazwa haraka kichwa kikiwa kimegeuzwa upande mmoja huku mtaalamu anaangalia macho yake, macho yatacheza kwa namna fulani inayoonyesha ni sikio lipi na mfereji upi. Kipimo hicho kipo tangu mwaka 1952, kinaitwa Dix-Hallpike kwa majina ya waliokieleza. Kisha anafanyiwa zoezi la Epley, ambalo daktari John Epley alilichapisha mwaka 1992, dakika chache tu unamaliza. Wengi wanapona kwa mara moja au mbili, ingawa vinaweza kuchomoka tena baadaye na unarudia.

Tahadhari tu. Mama ni mtu mzima, msimfanyie nyumbani kwa kuangalia video. Shingo yake iangaliwe kwanza, mgongo, na mishipa. Mtaalamu ajue pia anatumia sinarizini maana dawa za kutuliza zinaweza kuficha mchezo wa macho wakati wa kupimwa, muulizeni daktari kesho kama aache kabla ya kipimo na kwa muda gani. Na mwambieni mama mapema kwamba wakati wa zoezi kizunguzungu kitakuja kwa nguvu kwa muda mfupi. Nasema hivi kwa sababu nimeona wazee wanashtuka katikati wanashika nguo ya mtaalamu wanakataa kumalizia, na hawarudi tena. Akiambiwa kabla, na wewe ukakaa pale anakuona, anavumilia.

Nyayo

Samahani naingilia mada. Baba yangu alilazwa na maambukizi makali akachomwa gentamaisini, alivyotoka hazungukwi na chumba ila anayumba kama mlevi, usiku taa zikizimika hawezi kabisa, akitembea anasema mabango ya barabarani yanarukaruka. Anatumia betahistini haoni tofauti. Ni sikio pia?

Mfamasia_wa_Zamu

Nyayo, pole. Gentamaisini na ndugu zake kama streptomaisini zinaweza kuumiza seli za usawa ndani ya masikio yote mawili, hasa figo zikiwa dhaifu au zikitumika muda mrefu, ingawa mara nyingi zinaandikwa kwa sababu maisha yapo hatarini. Ndio maana hazungukwi, masikio yote mawili yameumia kwa pamoja hakuna la kupingana na mwenzake, kinachobaki ni kuyumba, hasa gizani ambako macho hayawezi kusaidia. Hakuna kidonge kinachootesha seli hizo tena, na dawa za kusinziza zitamwangusha. Apimwe na daktari wa masikio, aingie kwenye mazoezi ya usawa, nyumbani taa ndogo iwake usiku kucha kutoka kitandani mpaka chooni. Na iandikwe kwenye kadi yake kwa herufi kubwa kwamba dawa hiyo ilimdhuru, ili siku akilazwa tena wajue kabla ya kuchagua sindano.

Na kwa wote mnaosoma: kizunguzungu kikija na ulimi mzito, uso kuvutika upande mmoja, mkono au mguu kukosa nguvu, kuona vitu viwili viwili, maumivu makali ya kichwa ya ghafla, au mtu hawezi kabisa kusimama hata akishikwa, hapo msitafute kidonge cha sikio, ni hospitali saa hiyo hiyo. Sikio likizima kusikia ghafla nalo lisisubiri, kuna dawa ambayo ikichelewa haisaidii tena.

BintiMzawa

Nimerudi na mrejesho. Tumeonana na daktari, nikamimina mfuko mezani kama nilivyoelekezwa. Alishika boksi la sinarizini akauliza ameanza lini, nilivyomjibu akanyamaza kidogo akamwambia mama ainuke atembee mpaka mlangoni arudi, akamkunja kunja mikono, akamwomba agonge kidole gumba na cha shahada haraka haraka. Kasimamisha sinarizini. Betahistini kaiacha kwa sasa, anataka daktari wa masikio aiangalie kama ina sababu ya kuendelea. Presha akisimama inashuka kidogo tu, dawa yake haijaguswa. Dawa ya mkono hajampa, anasema tumpe mwili nafasi kwanza, tumrudishe baada ya wiki 6, kama bado unatetemeka atamwona daktari wa mishipa ya fahamu.

Vichembe vilikuwepo kweli sikio la kulia, kapewa miadi ya zoezi. Mama kaniuliza mara tatu njiani "na kikinishika kabla ya hiyo siku je bila dawa?" nikamwambia daktari kasema akae kitako, ashike kitu, asubiri kiishe, na tangu leo ninalala chumba chake. Mizani_Sawa, wakati wa zoezi naruhusiwa kumshika mkono au nitaharibu?

Mizani_Sawa

Mshike dada. Kaa upande ambao mtaalamu hayupo, umshike mkono lakini usimvute bega, kichwa na shingo viachwe kwa mtaalamu. Ale chakula chepesi masaa kadhaa kabla maana anaweza kutapika, na mje na mtu wa kumrudisha nyumbani, siku hiyo anaweza kuyumba yumba kidogo.